Mapazia ya Mma-Boitshepo

Kwetu Mahalapye, mapazia yakifungwa mchana, ujue nyumba ina msiba. Ndiyo maana siku Boitshepo alipomwekea mama yake mapazia yanayojifunga yenyewe jua likipanda, majirani tulifika kabla ya saa saba, shali mabegani, kuni kichwani, tukiimba.

Mma-Boitshepo akatoka na kikombe mkononi.

"Nani kafa?"

"Si wewe!"

"Mtakoma! Mnanizika na chai haijapoa? Ingieni, mwanangu kaninunulia ubaridi."

Ndani kulikuwa na ubaridi kweli, na kiyoyozi kimezimwa. Tukakaa mpaka jua likapoa na mapazia yakafunguka yenyewe. Tangu siku hiyo tukayazoea.

Mma-Boitshepo alikufa Oktoba, peke yake, kitini. Mchana mapazia yalijifunga, jioni yakajifungua. Tulipita nje tukisema, "Mama anakula ubaridi wake."

Siku ya nne Boitshepo alinipigia simu kutoka Gaborone.

"Mama hapokei simu. Hebu chungulia, mapazia yanafanya kazi?"

Nikachungulia kutoka mlangoni kwangu.

"Yanafanya kazi," nikamjibu. "Usiwe na wasiwasi."