Likizo ya Mama Wakoli

Kwa miaka ishirini na saba Nanyama alipika katika nyumba ya masista, kwenye misheni moja ndogo nje ya Malakisi. Aliingia pale akiwa mjane kijana, mwanawe Wakoli mgongoni, na alichojua kupika kilikuwa ugali, kuku na mboga za kienyeji. Aliyempokea ni Sista Luchia, muuguzi Mwitaliano, mwembamba wa mwili lakini mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Sista hakujua kupika hata yai. Alichojua ni ladha ya chakula cha kwao. Basi akawa anaonja na kutikisa kichwa, Nanyama anarudia, anaonja tena, anatikisa tena, mpaka siku moja akafumba macho akasema, "Hii sasa ni ya mama yangu."

Magoti ya Sista yalipokataa kazi, wakubwa wake walimrudisha kwao. Nanyama naye akaacha jiko la misheni akahamia Kitale, mtaa wa Tuwan, kukaa na Wakoli na mkewe Nabwile. Wao walisema amekuja kupumzika. Lakini saa kumi na mbili asubuhi alikuwa ameshakaanga maandazi ya kuuza, na jioni ungemkuta akihangaika na kuku nyuma ya nyumba. Mahindi yakikauka, alipanda gari kwenda Kachibora, mahali Wakoli alikuwa amekodi shamba, na hakurudi mpaka gunia la mwisho lishonwe.

Siku moja simu ya Nabwile ililia, na kwenye kioo ukatokea uso wa Sista Luchia, umekunjamana lakini sauti ni ile ile.

"Mama Wakoli! Njoo huku likizo."

"Likizo ya nini, Sista? Mimi si mwalimu."

Sista alicheka hadi akakohoa. Alieleza kwamba siku hizi anakaa na mpwa wake, Chiara, katika nyumba ya ukoo wao juu ya kilima. Chiara ameifanya iwe mahali pa wageni, watu wanaochoka na miji na kuja kupumzika mashambani. Kuna chumba kimoja hatakipangisha mwezi wa tisa. Hicho ni cha Nanyama.

Kutafuta pasipoti Eldoret na visa Nairobi kulichukua miezi mitano, na mara mbili Nanyama alitaka kuacha. Ni Nabwile aliyekataa. "Mama, nenda. Kuku nitaangalia mimi." Tiketi Chiara akatuma.

Alifika jioni, miguu imevimba, akalala bila kuangalia chochote. Asubuhi ndipo alipoona karatasi nyuma ya mlango. Kila chumba kilikuwa nayo: mambo ambayo mgeni anaweza kufanya akiwa pale. Yake Sista alikuwa ameiandika mwenyewe kwa Kiswahili, herufi zikitetemeka. Kutembea mpaka kanisa la chini. Kuchuma zabibu na majirani. Kwenda soko la Alhamisi. Kutia miguu katika maji ya moto yanayotoka ardhini. Kulala baada ya chakula cha mchana. Na chini kabisa: Kukaa tu.

Nanyama alisoma hilo la mwisho mara mbili. Kisha akatandika kitanda, akatafuta ufagio, akafagia ua wote. Jikoni alikuta vyombo vya jana, akaviosha. Alipotoka kujifuta mikono, mzee mmoja Mjerumani aliyekuwa ameketi barazani na gazeti lake aliinua kikombe kitupu, akakionyesha kwa kidole, akatabasamu. Nanyama akakichukua, akaingia, akakijaza kahawa, akamletea. Mikono yake ilishafika kabla kichwa hakijauliza swali.

Sista alikuwa dirishani. Alikuja akiburuta chuma chake cha kutembelea, uso umebadilika.

"Mama Wakoli, ulikuja hapa kufanya nini?"

"Sista, ni kahawa tu, bana."

"Najua ni kahawa." Alisimama pale akihema. Nanyama alidhani amekasirika, ndipo akaona macho yake yana maji. "Leo mtu asiingie jikoni. Hata Chiara. Leo ninapika mimi."

Chiara alimtazama Nanyama, Nanyama akamtazama Chiara. Kwa saa mbili walisikia sufuria zikianguka na Sista akizisemesha kwa Kiitaliano. Mara tatu Nanyama aliinuka kwenye kiti, na mara tatu Chiara alimshika mkono akamrudisha.

Meza iliandaliwa kwa watu wawili. Sista alipakua mwenyewe: ugali wao wa mahindi ya manjano, laini kama uji wa mgonjwa, na mchuzi wa nyanya uliomwagiwa chumvi bila huruma. Waliomba, wakaanza kula. Baadaye kidogo Sista akaweka kijiko chini.

"Kule Malakisi, wewe ulikuwa unakulia wapi?"

"Huko huko jikoni."

"Umesimama?"

"Saa zingine nimesimama. Saa zingine nakalia lile debe la mafuta."

"Miaka ishirini na saba. Na hakuna siku nilikuambia, njoo, keti na sisi."

"Jikoni kulikuwa na joto, Sista. Nilikuwa sawa."

Sista alingoja tu, kama alivyokuwa akingoja zamani mgonjwa amwambie panapouma kweli. Nanyama alisukuma ugali huku na huku kwenye sahani. Hakuwa amepanga kusema, maana jambo lenyewe hakuwahi kulisema hata kwa Wakoli.

"Siku moja tu ndiyo iliniuma. Ile Pasaka. Tulikuwa tumezika mama Jumatano. Jumapili nikarudi, sababu mlikuwa na wageni. Nikapika kondoo, mkasema ni tamu sana. Lakini hakuna mtu aliniuliza kama nimekula."

"Ulikuwa umekula?"

"Hapana. Tangu Jumatano."

Chini bondeni trekta ilipita na mzigo wa zabibu, ikapotea. Sista alipozungumza, ile sauti kubwa ilikuwa imekwisha.

"Nakumbuka ile nyama. Mama yako sikumbuki. Nisamehe, Nanyama."

Kabla ya hapo Sista hakuwahi kumwita kwa jina lake. Nanyama alijifuta uso kwa ncha ya leso, akavuta sahani karibu, akala ile chumvi yote mpaka mwisho. Kisha akainua sahani. "Niongezee."

Baada ya siku hiyo likizo ilianza kweli. Alichuma zabibu na wanawake wa jirani, asielewe neno, lakini wakacheka pamoja nyuki alipoingia kwenye kitambaa cha kichwa cha mmoja wao. Alhamisi Chiara aliwapeleka sokoni, na Nanyama akabishana bei ya vitunguu kwa vidole hadi muuzaji akamwongezea kimoja. Waliketi yeye na Sista kwenye ukingo wa mawe, miguu minne mizee ndani ya maji ya moto, wakikumbuka watu wa Malakisi: nani ameoa, nani amezikwa, nani bado analima tumbako. Kulala mchana ndiko kulikomshinda kwanza; alilala macho wazi kama mwizi. Wiki ya pili alikuwa akikoroma kabla Sista hajafunga dirisha.

Siku ya kuondoka wote wawili walijua hawataonana tena. Sista alimshika mashavu kwa mikono miwili, akamuuliza kama ameshiba.

Aliporudi Tuwan alipumzika siku mbili, akamwambia Nabwile anakwenda Malakisi kwa kaka yake Barasa, siku tatu. Hakubeba jembe. Barasa alimkuta asubuhi ameweka kiti karibu na kaburi la mama yao, viatu amevua, mikono mapajani. Nyasi zilikuwa zimeota pale, naye hakuwa ameng'oa hata moja.

"Dada, unaumwa?"

"Siumwi. Niko likizo."

Barasa alikuna kichwa. Alitazama shamba lake la maharagwe lililokuwa likimngojea, akamtazama dada yake, akaingia nyumbani akatoka na kiti kingine. Akamsimulia jinsi mama alivyomchapa yeye Barasa utotoni kwa kumwaga maziwa, na jinsi jioni ile ile alivyomletea kiazi cha kuchoma, moto bado, amekifunga kwenye jani la mgomba. Nanyama hakuwahi kuisikia hiyo. Alimtaka aisimulie tena, polepole. Walikaa hivyo hadi ng'ombe wakaanza kulia, na wa kwanza kuinuka kwenda kukamua alikuwa Nanyama, kwa sababu maziwa hayajui likizo, na kwa sababu siku hiyo alitaka mwenyewe.