Nirudishie Jina Langu

Mkwe wangu, baba wa mke wa mwanangu, ana nyumba ya mapumziko kando ya mto, ndani kidogo kutoka Kibaigwa, na mimi sina. Kwa muda mrefu nilijifanya hainisumbui. Mto wenyewe, nilikuwa nasema, ni mchanga mtupu. Maji yanapita mvua zikinyesha, halafu miezi inayobaki ni ng'ombe na punda wanaovuka. Mtu mwenye akili zake anajengaje baraza la kutazamia mchanga?

Nilipoalikwa nikaenda, nikaona. Migunga mikubwa imeinamia ukingo, na chini yake ametundika bembea za kamba. Asubuhi kunakuwa na ubaridi mtamu na kanga wanashuka kwenye mchanga kwa makundi. Ana meko ya kuchomea nyama, ana viti vya kukunja, ana darubini ya kutazamia ndege. Yeye alianza kama dalali wa mahindi, mimi nilikuwa karani wa mizigo stesheni na nilimaliza kidato cha nne. Hilo la kidato cha nne nililikumbuka mara nyingi siku zile, na halikunisaidia kitu.

Lakini nyumba ningeivumilia. Kilichonitafuna kilikuwa mjukuu wetu.

Kijana huyu ana jina langu. Nami nililipokea kwa babu yangu, aliyelipokea kwa watu wa zamani waliochunga ng'ombe nchi hii kabla haijawa na barabara. Tangu aanze kusema hatujawahi kuamkiana kama babu na mjukuu. Akifika kwangu mjini, mtaa wa Kikuyu, anaingia akipiga kelele, "Wajina!" Nami naitikia, "Wajina, umekuja kula vyangu tena?" Likizo zake zote zilikuwa zangu. Ile ilikuwa ya kwanza kuletwa mtoni, na mwanangu alishanidokeza njiani kwamba huenda wakawa wanamleta huko kila shule zikifungwa. "Kuna nafasi ya kukimbia, baba," alisema. Kwangu kuna uwanja wa kuanikia nguo.

Basi nilifika nikijua nimekuja kugombea mtu.

Mkwe hakujua kama kuna ugomvi, na hilo lilinichoma zaidi. Siku ya kwanza alimvisha mtoto kofia yake pana akamwita Kepteni. Mara ni "Kepteni, twende tukaone viota!" Mara ni "Kepteni, shika usukani!" na gari linazungushwa polepole uwanjani mtoto akiwa mapajani. Magoti yake ni mazima. Anateremka ukingo kama mbuzi, mimi nateremka kwa makalio. Walikwenda hadi kwenye mashamba ya zabibu wakarudi midomo imekuwa ya zambarau, wakicheka jambo ambalo kila walipojaribu kunieleza liliwashinda kwa kicheko. Nilitabasamu. Kwa mkwe mtu huwezi kununa. Unasema, "Hongereni kwa matembezi," unainamia chai yako.

Siku ya pili nikaona nafasi yangu. Kitu kimoja nakijua kuliko mkwe: kutafuta maji kwenye mchanga. Tumekua tukichimba hivyo na mama zetu. Nikamchukua wajina wangu mapema, nikamwonyesha kona ya mto ambako mchanga umelala mweusi kidogo, na mahali punda walipokuwa wameparua. Tukachimba kwa bakuli. Mchanga ukawa unaporomoka, nikamfundisha kupanua mdomo wa shimo badala ya kukimbilia chini. Maji yakaingia machafu. Tukayateka tukayamwaga, tena na tena, mpaka yakaanza kuingia meupe. Mtoto alikuwa amelala kifudifudi, mkono wote umezama shimoni, anacheka peke yake. Nilifurahi hata goti nikalisahau.

"Onja, wajina," nikamwambia.

Akaruka. "Ngoja nimwite babu aje aone!" Tayari alikuwa anakimbia kuelekea barazani.

"Wajina! Rudi uonje kwanza!"

Akageuka akiwa anakimbia kinyumenyume, kofia ya mkwe imemfunika macho. "Hapa mimi siyo wajina, mimi ni Kepteni!"

Walikuja wote: mkwe, mwanangu na mkewe. Wakalizunguka shimo langu, wakasifia. Mkwe aliyachota maji kwa kiganja akanywa, akasema kwa heshima kabisa, "Mkwe, umenifunza mtoni kwangu." Ningeishia hapo ningekuwa nimeshinda. Lakini lile neno Kepteni lilikuwa bado linaniuma. Nikamgeukia mtoto.

"Kama wewe ni Kepteni, basi nirudishie jina langu."

Wakaangua kicheko. Babu na mjukuu wana haki ya kutaniana, hakuna aliyeshtuka. "Jamani, babu amekasirika!" mke wa mwanangu akasema. Na mkwe akaongeza, "Jina si sufuria ya jirani, mkwe. Halirudishwi."

"Halirudishwi wapi?" nikasema. "Nalitaka leo. Wajukuu ninao wengine, nitampa anayelitaka."

Kumdai jina kulikuwa utani. La kumpa mwingine halikuwa, na mtoto ndiye pekee aliyesikia tofauti. Aliivua kofia, akamrudishia mkwe. Nami, aibu yangu niiseme yote, nilipoiona kofia ile inarudi kwa mwenyewe nilifurahi.

Kesho yake tulikwenda sote kwenye kilima cha mawe kilicho upande wa pili wa mto, na chakula chetu kwenye kapu. Njia nzima mtoto alitembea karibu na mama yake. Chini ya kilima tulimkuta mama mmoja wa makamo akiuza karanga. Mtoto akamwamkia vizuri.

"Marahaba, mjukuu wangu. Unaitwa nani?"

Akanitazama mimi.

"Huyu ni Kepteni," mkwe akamsaidia.

"Hilo la kuchezea. Nataka la kwao."

"Nilikuwa nalo," mtoto akasema. "Babu amelichukua."

Yule mama alicheka, akidhani ni mchezo. Hakuna mwingine aliyecheka. Mwanangu aliniangalia kama nilivyokuwa nikimwangalia yeye zamani akivunja kitu.

"Ni lako," nikasema. "Litaje."

"Ulisema utampa mwingine."

"Nilikosea. Nilisema vile kwa wivu."

Nilitamka neno hilo mbele ya mkwe, mtu ambaye hata kupiga chafya mbele yake naomba radhi. Yeye akageuza uso akajifanya anatafuta njia ya kupandia kilima. Nilimshukuru kwa hilo, na papo hapo nikamwonea wivu kwa kuwa muungwana kiasi kile.

"Wivu wa nini?" mtoto akauliza.

"Wa babu yako huyu. Unavyompenda."

Akafikiri. Akalitaja jina letu kwa yule mama, taratibu, kama mtu aliyeshika chombo cha watu na anaogopa kukiangusha. Kisha akamfuata mkwe, akamshika mkono, wakapanda. Mimi nilibaki chini na kapu, nikanunua karanga, nikazila peke yangu nikisikia sauti zao huko juu kwenye mawe.

Likizo iliyofuata walimpeleka mtoni. Nilialikwa, nikasingizia goti. Jioni moja akanipigia kwa simu ya mama yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba," nikaitikia.

Nikasubiri aongeze "wajina". Akaniuliza kama huku Kikuyu mvua imenyesha.