Mtoto Asiyesifiwa

Tangawizi ikigusa mafuta ya moto, hata iwe jikoni kwa mtu nisiyemjua, mimi hurudi Bausher, mtaa wetu wa Maskati, kwenye ukuta mfupi uliotenganisha nyumba yetu na ya kina Lin. Baba yake alikuwa mhandisi aliyekuja na familia yake kutoka China. Tulisoma darasa moja, na kila alasiri nilipelekwa kwao tufanye kazi za shule pamoja, maana bibi yangu alishikilia kuwa huko ndiko kwenye adabu ya kusoma.

Na adabu ilikuwepo, jamani! Televisheni ilizimwa. Mama Lin alikaa nasi mezani kimya, akimenya machungwa na kuyatoa nyuzi nyeupe moja moja, mpaka tumalize hesabu ya mwisho. Lin alipokea kikombe kwa mikono miwili na hakugusa chakula kabla ya baba yake. Mimi nilijikuna tu, nikisubiri chungwa.

Mwaka ule Lin akawa wa kwanza darasani. Bibi, Muunguja asiyejua kunong'ona, akamwita mama mtu pale ukutani: "Mashaallah, mwanao hodari!"

Mama Lin akapunga mkono haraka. "La, la," akajibu kwa Kiarabu chake cha kuokoteza. "Mvivu huyu. Bado sana."

Lin alikuwa kasimama hapo hapo. Akainamisha kichwa, masikio yamemwiva. Nilimwonea huruma mpaka machozi yakanilenga. Mimi nilipita kwa kuponea chupuchupu, na bibi aliwapigia simu ndugu zetu wote, kisha akanifukiza ubani jicho lisinipate.

"Mama yake hampendi," nikamwambia bibi.

"We! Hujui kitu. Nnamuona, mjanja yule. Anamficha mwanawe na hasad. Atamsifu vipi mbele za watu, apigwe jicho?"

Nikaenda mbio kumpasha Lin habari hiyo kwa Kiingereza chetu cha shule. Akanifanya nirudie, kisha akatabasamu mpaka mwanya ukaonekana.

Mwaka huu Lin, mtu mzima, alikuja Maskati kikazi, tukakaa kwangu kwa chai ya maziwa. Nikamkumbusha.

"Bibi yako alikosea," akasema akicheka. Katika malezi yao ya Kikonfusio, mafunzo ya kale ya Kichina, akanieleza, kumsifu mwanao mbele ya watu ni kujisifu mwenyewe, na mtoto akiambiwa ameweza, ataacha kujitahidi.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Nyumbani kwetu habari za jicho hazikuwepo."

"Sasa mbona ulifurahi?"

Akakizungusha kikombe chake. "Nilitaka iwe kweli. Mwezi uliopita nilimuuliza mama kama amewahi kuridhika nami. Akaniambia nimekonda, nile."

Akacheka tena. Mimi sikuweza. Marehemu bibi yangu, kwa kukosea kwake, ndiye aliyempa yule mtoto sifa aliyoingoja pale mezani miaka yote, na mimi nilidhani nimepeleka umbea tu.