Chura wa Pembeni mwa Ukurasa

Enzi zetu, sisi tuliokulia Tukuyu miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, hadithi zilinukia karanga. Magazeti ya katuni yalikuwa yakifika mjini, yakaning'inizwa kwa vibanio vya nguo mbele ya duka moja karibu na stendi, na walioyanunua walikuwa makarani, walimu na vijana waliotoka kuuza ndizi. Sisi watoto tuliyasoma kwa macho, tukiwa tumesimama, mpaka mwenye duka akohoe. Ikipita miezi miwili mitatu, magazeti yaleyale yaliuzwa sokoni kwa uzito, yakachanwa ukurasa kwa ukurasa, yakafungiwa karanga na vitumbua. Hapo ndipo yalipokuwa yetu.

Nilikuwa darasa la nne na kaka yangu Gwakisa alikuwa la sita. Hatukutaka katuni zote. Tulimtaka mchoraji mmoja tu, na jina lake hatukulijua kwa sababu hakuwahi kuliandika. Badala ya jina alichora chura mdogo chini kabisa, kwenye kona ya kulia, na kila chura alikuwa na shughuli yake. Mmoja ameshika mwavuli, mwingine anapiga mswaki, mwingine amelala na mguu mmoja umetoka nje ya mstari. Tulimwita mchoraji huyo Bwana Chura. Kwa mtoto wa Tukuyu, ambako mvua hunyesha mpaka ukungu unaota kwenye viatu vya shule, mtu anayejitambulisha kwa chura alikuwa ndugu.

Hadithi yake kubwa ilimhusu Tarishi Mirunda, mtumishi wa ofisi mwenye miguu mirefu kama nguzo za mafundi ujenzi. Bosi alimpa barua aipeleke. Siku ya kwanza tu mvua ikainyeshea, jina juu ya bahasha likafutika. Mirunda akaogopa kurudi ofisini kusema. Basi toleo hadi toleo alizunguka mjini na ile bahasha, akimwonyesha kila mtu na kuuliza, "Mheshimiwa, hii ni yako?" Aliwauliza bwana harusi, kinyozi, mwizi aliyekuwa anakimbizwa. Na sisi tulilala na kuamka na swali moja: barua ni ya nani?

Kurasa zake tulizipata kwa Mama Bupe, muuza karanga aliyekaa kwenye mlango wa soko, amejifunga kanga mbili juu ya sweta.

"Shikamoo Mama Bupe. Naomba za kwenye karatasi ile ya chini."

"Marahaba. Ya chini ina nini? Karanga ni zilezile."

"Ile yenye mtu wa miguu mirefu."

"Ewe mtoto wa mwalimu! Unakula karanga au unakula gazeti?"

Alinung'unika, lakini aliinua rundo lake na kunitolea. Baadaye akaanza kuniwekea. Alikuwa akipunga ukurasa hewani kutoka mbali, mbele ya wateja wake, akipaza sauti, "Mchumba wako kaja!" Nami nikakimbia kwa aibu na furaha. Mafuta ya karanga yaliifanya karatasi ing'ae mpaka upande wa pili uonekane, hivyo Mirunda wetu alitembea katikati ya matangazo ya sabuni na majina ya waliofaulu mitihani. Mpaka leo nikiona mchoro safi sana nahisi kuna kitu kimepungua.

Mwanzoni tulizibandika kurasa zetu kwenye kaunta buku, kwa uji mzito wa unga wa mahindi. Tulijiona mabingwa. Wiki mbili baadaye tulifungua daftari tukakuta Mirunda hana kichwa katika matoleo manne, na kinyozi ametafunwa pamoja na kiti chake. Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Mmewapikia panya uji, mkawapakulia na kwenye sahani. Mlitaka wafanyeje?" Tukazibandua zilizobaki kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, taratibu, na kazi hiyo niliiweza kuliko Gwakisa. Tangu hapo kurasa zikakaa ndani ya kopo la biskuti lililoning'inia kwenye kenchi za paa kwa waya.

Ndani ya kopo hilo hatukuweka kurasa tu. Tuliweka kila chura tuliyeamini ni wake. Kulikuwa na kadi ya Krismasi yenye chura aliyevaa kofia. Kulikuwa na kifuniko cha dawa ya viatu ambacho Gwakisa alikiokota barabarani, na juu yake palikuwa na chura, au kitu kama chura. Tulikifanyia kikao jioni nzima.

"Huyu si wake," nilisema. "Chura wa Bwana Chura ana kope."

"Kope zimefutika kwa kusugua viatu."

"Na mkia je?"

Gwakisa alikitazama kile kifuniko kwa muda mrefu. "Bado mdogo huyu," alisema. "Mkia haujadondoka." Kifuniko kikapokelewa.

Tulimwandikia hata barua, kwa sanduku la posta lililokuwa kwenye ukurasa mmoja. Tukamuuliza barua ya Mirunda ni ya nani, tukaahidi kutomwambia mtu. Hatukujibiwa.

Kisha gazeti likaacha kuja. Ilikuwa miaka ambayo vitu vilifika kwa vurugu: nguo za mitumba, redio za kaseti, banda la video nyuma ya soko, magazeti mapya yenye rangi na wasichana. Mwenye duka aliniambia bila kuinua macho, "Lile limekufa." Sisi tulikuwa na hadithi karibu yote. Ukurasa wetu wa mwisho ulimwacha Mirunda amekaa kwenye ngazi, bahasha mapajani, na chini yake maneno haya: *Toleo lijalo, mwisho wa safari.* Toleo hilo Mama Bupe hakulipata, ingawa alipekua marundo ya wenzake sokoni kama anayetafuta pete.

Likizo ya Juni ya mwaka uliofuata tulipelekwa Kisiba kwa Bibi, mama yake mama. Nyumba yake ilikuwa ya mianzi na udongo, na chumba chake cha kulala kilikuwa kimebandikwa magazeti kutoka chini hadi juu, kama nyumba nyingi za wakati ule, kuzuia upepo na kupendeza. Aliyeyabandika ni Mjomba Ambakisye. Alikuja na furushi la magazeti kutoka Mbeya, akafanya kazi hiyo siku nzima, kisha akaondoka kwenda Zambia kutafuta maisha.

Usiku wa kwanza nililala na Bibi. Asubuhi nilipofumbua macho, juu ya mto, Tarishi Mirunda alikuwa ananitazama.

Ulikuwa ukurasa wa mwisho. Niliusoma nimepiga magoti kitandani. Mirunda anainuka kwenye ngazi. Mirunda anarudi ofisini. Mirunda mbele ya bosi anatoa bahasha, bosi anaichana. Hapo visanduku viliishia, kwa sababu cha mwisho kilikuwa kimefunikwa na kalenda. Nayo ilikuwa imebandikwa kwa uji juu yake, maana msumari haushiki kwenye udongo. Chini ya kalenda alichungulia chura, ameziba mdomo kwa mkono, anacheka.

"Bibi, naomba niinue kalenda kidogo."

Bibi alikuwa anafunga kilemba. Kiswahili chake kilikuwa na ladha ya Kinyakyusa, na r kwake haikuwa na kazi. "Kalenda hiyo usiguse, mwanangu. Hiyo ndiyo mjomba wako."

Niliitazama. Ilikuwa ya mwaka uliokwisha kupita, na hapa na pale juu ya tarehe palikuwa na alama za mkaa. Sikuelewa, wala sikuuliza. Niliwaza kisanduku tu.

Jumapili nilisema tumbo linaniuma. Bibi na Gwakisa wakaenda kanisani. Nikachemsha maji, nikayapooza, nikachukua kitambaa. Nilijua kazi hiyo, si ndiyo niliyookolea kurasa kutoka kwa panya? Nililoesha kona moja, nikasubiri, nikavuta. Ikaja vizuri. Nikaloesha zaidi. Lakini kaunta buku haina udongo nyuma yake. Ukuta uliyanywa yale maji, ukalainika, na nilipovuta mara ya tatu kalenda, kisanduku na bonge la udongo vikaniangukia mapajani kwa pamoja. Nilijaribu kuvitenganisha. Kadiri nilivyojaribu, vilizidi kuwa uji. Alama za mkaa zilitiririka mikononi mwangu. Ukutani alibaki chura peke yake, bado anacheka.

Bibi alipoingia alisimama mlangoni. Gwakisa akasema, "Wewe! Umefanya nini?" Bibi akamnyamazisha kwa mkono. Alikuja akakaa kitandani kando yangu, akaokota kipande kimoja, akakigeuza.

"Zilikuwa saba," alisema.

"Nini, Bibi?"

"Balua. Kila ikija, naweka alama. Nikilala natazama, najua amenikumbuka mala saba."

Ningependa angenichapa. Badala yake akanyanyuka, akachukua kisu na beseni la ndizi, akatuita nje barazani tumenye naye. Utomvu ulipokwisha kutia vidole vyetu weusi, ndipo akauliza, "Haya, mwanangu. Ulikuwa unatafuta nini ukutani kwangu?"

Nikamweleza. Nilianza na mvua iliyofuta jina, nikamaliza na ngazi. Nilipofika kwa mwizi anayekimbizwa alicheka kwa sauti, akaniomba nirudie. Gwakisa alidakia palipokuwa na matoleo yaliyoliwa na panya. Nilipomaliza, Bibi alitupa ganda kwenye beseni.

"Balua ni yake mwenyewe."

"Ya Mirunda?"

"Sasa ya nani? Hajui kusoma huyo. Anayejua kusoma angefungua, angeona ndani imeandikwa mpendwa nani. Yeye anazunguka. Anaogopa kusema." Alimenya ndizi nyingine yote kabla ya kuendelea. "Mimi balua ya kwanza ya Ambakisye nilizunguka nayo siku tatu. Mwalimu hayupo. Mchungaji amesafili. Nikampa kijana mmoja, akasoma halaka halaka, akakimbilia mpila. Mpaka leo sijui kama alisoma yote."

Mimi na Gwakisa tulitazamana. Katika kurasa zote tulizokuwa nazo, na tulizijua kwa moyo, hakuna mahali ambapo Mirunda alisoma hata kibao cha duka.

Alasiri ile Bibi alitoa barua zake kwenye mfuko wa nailoni uliokuwa chini ya godoro. Nilimsomea zote saba, polepole, na ya kwanza nikaisoma mara mbili. Ndani yake kulikuwa na mstari ambao yule kijana wa mpira aliuruka. Mjomba aliandika: *Mama, nilibandika ukuta ule ili usipigwe na baridi upande unaolalia.* Bibi aliipokea karatasi, akaikunja. Kisha akasema, "Ndaga," asante ya kwao, na sikujua anamshukuru nani. Gwakisa akaleta mkaa kutoka jikoni, na nikaweka alama saba ukutani penyewe, kuanzia kwenye mkono wa chura.

Mjomba alirudi nikiwa sekondari, amenenepa, na neno lake la kwanza chumbani lilikuwa, "Nani kaharibu ukuta wangu?" Bibi akaninyooshea kidole, akicheka, bila huruma hata kidogo.

Bibi hayupo siku hizi, na pale Kisiba imesimama nyumba ya matofali ya kuchoma, plasta laini, rangi ya maziwa. Miaka michache iliyopita, kwa muuza vitabu chakavu kando ya barabara Mbeya mjini, nililikuta toleo la mwisho, zima, bila tone la mafuta. Kisanduku kile, hatimaye: bosi amefungua bahasha, anachungulia, ndani hamna kitu. Alisahau mwenyewe kuitia barua. Chura anacheka. Nami nilicheka palepale, watu wakinipita. Kisha nikaona upweke kidogo. Bwana Chura, popote ulipo, nakuheshimu na kopo lako la biskuti ninalo. Lakini Bibi yangu alikushinda.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia binti yangu Subi, ana miaka kumi. Alichukua simu yangu, akaandika Tarishi Mirunda kwa vidole gumba viwili, akasubiri muda wa kupepesa macho. "Mama, haipo," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufanya uchunguzi wote unaowezekana duniani. Siwalaumu watoto hawa. Wana picha nyingi kwa siku moja kuliko tulizoziona sisi utoto mzima, na hakuna hata moja inayowaachia mafuta mkononi. Picha ikikatika, wanavuta nyingine. Sisi picha ikikatika tulikaa nayo, tukaizungusha kwa watu, mpaka mtu mmoja barazani, mwenye utomvu wa ndizi vidoleni, akatukatia kipande kilichopungua.

Basi nilipika uji mzito, nikaubandika ukurasa ule sebuleni, juu ya rangi aliyoilipia mume wangu. Na kisanduku cha mwisho nikakifunika kwa kalenda, nikaibandika kwa uji vilevile.

Wiki nzima Subi alipita hapo bila kugeuka. Siku ya nane alisimama, akasoma tangu juu, midomo ikicheza. "Mama, kwani barua ilikuwa ya nani?"

"Ya Mirunda mwenyewe," nilimwambia. "Bibi yangu alisema."

Alinitazama kama tulivyokuwa tukimtazama mwenye duka anapokohoa. Hakuuliza tena. Jana asubuhi, nikifagia sebule, niligusa kona ya ile kalenda. Ilikuwa imelowa.