Chombo cha Halima

Siku yangu ya kwanza kwenye maabara ya mifugo, Garissa, nilivunja chupa mbili kabla ya saa nne. Mkuu wa Maabara hakunigombeza. Alisema tu, "Abdi, wewe hutulii. Kazi hii ni ya kungoja." Nimestaafu na kungoja bado sijui.

Nilianza na damu ya ngamia, nikapelekwa Wajir, kisha nikarudishwa Garissa kupima vijidudu vya maziwa. Huko ndiko nilikokutana na vimeng'enya vya kukata DNA. Bakteria akivamiwa na virusi, kimeng'enya hukatakata DNA ya mvamizi. Kimeng'enya kingine hutia alama DNA ya bakteria mwenyewe isije ikakatwa, kama tunavyowapiga ngamia wetu chapa. Kila kinachogunduliwa huandikwa kwenye kanzidata mtandaoni: kinakata wapi, ni cha bakteria gani, bakteria huyo alitoka wapi.

Sisi tulipata kimoja. Mkuu wa pili, mama mkali sana kwa karatasi, alisimama nyuma yangu nikijaza fomu.

"Chanzo?"

"Maziwa ya ngamia, Bute."

"Umeuliza?"

"Nimemuuliza mwenye ngamia."

Tukatuma. Miaka ikapita. Umeme ukakatika siku nne mfululizo, sampuli zetu zote zikafa. Mwezi wangu wa mwisho kazini, wasimamizi wa kanzidata wakaandika: wengine wamepima maziwa ya Bute tena na tena, kimeng'enya hakipo. Tusipoleta ushahidi, watakifuta. Katika kazi yangu yote, hicho ndicho kitu pekee kilichoandikwa jina langu. Niliona aibu, nikashikwa na hasira.

Nikamtafuta Halima, mke wa yule mwenye ngamia, aliyetupa maziwa yale. Alikuwa amerudi kwao Tarbaj. Nilipomweleza, alicheka.

"Abti, wewe uliuliza mwanaume. Ngamia ni yake, lakini chombo ni yangu. Mama alinipa hapa Tarbaj nikiolewa."

Mjomba mzima, kama alivyoniita, nilipaswa kujua. Nimelelewa kwa maziwa ya dhiil, chombo chetu kinachosukwa kwa mizizi. Nilijua fika kwamba mama hayamalizi maziwa ya mgando. Hubakiza kidogo ya kuchachushia ya kesho. Kijidudu changu hakikutoka kwa ngamia yeyote. Kilikuwa kinaishi ndani ya chombo, tangu kwa mama yake Halima.

Nilichukua maziwa yake, nikakiotesha kijidudu, na kimeng'enya chake kikakata DNA mahali palepale pa zamani. Nikatuma marekebisho: chombo cha maziwa, Tarbaj. Wiki hiyo nikakabidhi funguo. Sampuli nimeiacha kwenye friji ileile, na umeme ni uleule.

Kustaafu kumenishinda. Kila asubuhi naufungua ukurasa ule wa kanzidata kwenye simu. Juzi nikaona wamekubali marekebisho, nikampigia Halima. Akamshukuru Mungu, kisha akasema, "Lakini ile chombo imezeeka, Abti. Nimenunua mtungi ya plastiki. Ile nimeosha na sabuni, nimeanika."

"Maziwa yake yamebaki?"

"Kikombe moja tu. Nilitaka kupatia mbuzi."

"Usimpe. Nakuja."

Ninyi mnaoanza kazi leo, muulizeni mwenye chombo. Mimi naandika haya nikiwa stendi ya Wajir. Gari la Tarbaj halijajaa, na dereva ameniambia mara tatu nikae chini, ningoje.