Uzi wa Kahawia Nyuma ya Kofia

Harufu ya wanga unaochemka bado hunifanya nifungue dirisha. Kwa wengine ni harufu ya nguo safi na asubuhi ya Idi, ila mimi nikiisikia tu narudi kwenye fleti yetu ya Darsait, mjini Muscat, ghorofa ya tatu, juu ya karakana iliyogonga mabati kutwa. Mama alikuwa akishona kofia za viua, zile za maua ya kutarizi, kwa mkono. Akimaliza moja huichovya katika uji wa wanga, akaivika juu ya bakuli lililopinduliwa na kuianika barazani hadi ikauke na kukakamaa. Kofia za mashine alizidharau waziwazi, hata mbele ya wageni waliokuwa wamezivaa. Kazi yangu ilikuwa kumtungia uzi kwenye sindano, maana macho yake yalikwisha kuanza kumsaliti. Kofia ya kaka yangu Nassor, aliyekuwa akienda kusoma Marekani kwa ufadhili wa serikali, ilimchukua miezi miwili. Karibu na mwisho, chumba kikiwa na kiza kidogo, nilitunga uzi wa kahawia uliopauka badala ya ule uliokoza, na maua matatu ya nyuma yakatoka na rangi yao peke yao. Mama aliligundua kosa hilo kofia ilipokuwa juani. Akasonya, kisha akacheka. "Basi, iache," alisema. "Nani atakayemtazama kisogoni?"

Msimu ninaousimulia ulikuja mwaka wa pili wa Nassor huko, baridi yetu ilipoanza na madirisha yakafunguliwa baada ya miezi ya viyoyozi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Kila Ijumaa baada ya alasiri, ambapo kwake ndiyo kwanza kumekucha, tulimpigia simu, na simu ilizunguka kwa umri: Bibi, Baba, Mama, halafu mimi. Zamu yangu ilipofika wakubwa walikuwa wameshageukia chai, kwa hiyo nilimpata kaka yangu peke yangu. Ndipo aliponiambia kuwa katika mji wake polisi walikuwa wamempiga risasi kijana mmoja mweusi asiye na silaha, na kwamba kila jioni watu waliandamana, na yeye pia. Nikamuuliza yeye inamhusu nini. Nyumbani kwetu, weusi tulivyo, tulifundishwa kutaja kabila letu la Kiarabu mpaka kwa babu wa babu, na tuliambiwa hiyo ndiyo ngao yetu. "Zuwena," alisema, "hapa hapana anayeniuliza kabila. Polisi akinisimamisha anaona mtu mweusi, basi." Kisha akaniomba nisimwambie mtu, hasa Baba. Nikakubali, na tangu siku ile sikulala vizuri.

Ili mtu aelewe uzito wa siri hiyo lazima amjue Bibi. Alitoka Unguja akiwa mke kijana, baada ya mapinduzi, na kikapu kimoja mkononi. Alichokiona kabla ya kuondoka hakukisimulia hata mara moja. Nilichokijua ni kwamba hata vijana wa Muscat walipojaa barabarani na magari yao kushangilia ushindi wa mpira, yeye alifunga madirisha yote na kukaa ukumbini na mkoba wake mapajani. Kwake umati haukuwa na rangi wala nia, ulikuwa umati tu, na mwisho wake ni watu kufungasha. Baba naye alikuwa karani serikalini, mtu wa mihuri na sahihi, na mojawapo ya sahihi zake ilikuwa kwenye fomu za masomo ya Nassor. Alimwagiza mambo mawili kila Ijumaa, kusali na kujiepusha na siasa, na aliyasema kwa sauti ileile.

Asubuhi moja, kabla ya basi la shule, televisheni ilikuwa wazi na Mama alikuwa akimimina chai. Ilionyeshwa barabara ya usiku wa huko, watu wamevaa makoti mazito, wameshika mishumaa. Mbele kabisa ya kamera alisimama kijana aliyetupa mgongo, amejizungushia shali usoni. Nilimjua kwa mabega yake. Mama aliliweka birika chini taratibu. "Kofia ile nnaijua," alisema. Baba akamjibu kuwa kofia za namna ile zimejaa duniani. "Nimeishona mimi. Itazame nyuma." Maua matatu yaliyopauka yalikuwa pale, nchi nzima ya Marekani ikiyaona. Halafu picha ikahama, ukaonekana mstari wa polisi wenye ngao, ukaja moshi, watu wakaanza kukimbia. Mama hakuangalia tena televisheni, aliniangalia mimi. "Ulikuwa unajua?" Nikasema sikujua.

Siku tatu Nassor hakupokea simu. Baba aliipiga namba ile mpaka nikawa naisikia mlio wake darasani, kati ya hesabu na Kiarabu. Bibi hakula ila tende na maji. Mama hakuishika sindano, na mimi niliogopa hata kuupitia mkebe wa nyuzi, kwa sababu nilijiona nimemuuza kaka yangu mara mbili: kwanza kwa uzi wangu, kisha kwa ulimi wangu niliouficha, maana ningesema mapema huenda Baba angemzuia. Siku ya nne akapiga yeye, kwa simu ya mtu. Yake ilidondoka watu walipokimbia, macho yalimwasha kwa moshi, hakuumia pengine popote. Baba aliichukua simu na kumwamuru arudi nyumbani wiki ileile. Tukasikia sauti ya Nassor, ya heshima kama kawaida yake. "Baba, mie nna pa kurudi. Wenzangu hawana." Baba akampa Mama simu.

Kesho yake Mama alikwenda sokoni Mutrah na kurudi na kofia ya mashine, ya rangi ya majivu, aina ambayo kila duka linayo. Alinikalisha mezani niandike barua ya kuiambatanisha na kifurushi. "Ukiona huna budi kwenda, vaa hii. Zimejaa kama hii, hapana atakayekujua." Nilipofika hapo machozi yakaanguka juu ya karatasi, nikamwambia kuwa nilijua tangu mwanzo. Aliifuta karatasi kwa pindo la kanga. "Andika," alisema. "Andika na salamu za Bibi yako."

Utotoni nilidhani maandamano yale yatabadili mambo kabla ya Ijumaa iliyofuata. Ijumaa zikapita nyingi, televisheni ikahamia kwingine, barabara za mji ule zikawa tupu. Nassor alimaliza masomo, akapata kazi huko, akabaki. Alichokifanya miaka hiyo hakuna kamera ambayo ingejisumbua kukipiga picha: vikao vya jioni katika ukumbi wa maktaba, watu walewale wachache, karatasi za kukusanyia sahihi, diwani anayeahidi na kusahau, kisha kikao kingine. Mwishowe halmashauri ya mji ilipitisha sheria: kila askari avae kamera kifuani, na raia wawe miongoni mwa wanaochunguza kila risasi ya polisi. Nilifurahi, lakini sikuwa mjinga wa furaha. Mwezi uliopita kaka yangu alisimamishwa tena akiwa anatoka kazini, kamera ya askari ikiwaka, na aliponisimulia nikawa tena yule mtoto wa Darsait.

Siku hizi nakaa Hail, upande mwingine wa Muscat, na Mama yuko nami. Bibi ametangulia mbele ya haki. Macho ya Mama yamepungua zaidi, lakini wiki hii ameanza kofia mpya ya Nassor, ya mkono, na nyumba itanuka wanga tena. Jana alifika sehemu ya nyuma akanipa sindano nimtungie. Niliuchukua uzi uliokoza, nikauthibitisha kwa mwanga wa dirishani, nikamwonyesha. Aliusukuma mkono wangu. "Nyuma pale tia ule wako uliopauka," alisema. "Nikimtafuta nnataka nimuone."