Coleta na Kiti cha Leonidas

Kwetu Ufipa majani ya shambani hayachomwi ovyo. Mvua zikiwa bado zinanyesha, watu huyalaza na kuyafunika kwa udongo mpaka shamba lote linajaa vituta vya mviringo. Majani yakioza humo, ndiyo mbolea ya mwaka unaofuata. Kazi hiyo ni nzito kwa mtu mmoja, kwa hiyo mwenye shamba hupika pombe ya ulezi na kuita majirani. Shemeji yangu Coleta, mjane wa kaka yangu, aliita majirani mwezi wa tatu mwaka 1993. Habari yenyewe ilianzia hapo.

Tulilima mpaka jua likapinda. Tulipokaa kunywa, Coleta akashika kibuyu akamchotea kwanza Shigela, kwa sababu ndiye aliyetoka jasho kuliko sisi wote. Shigela ni Msukuma. Alikuja kijijini kwetu na ng'ombe wake akitokea upande wa Muze, na siku ile alikuwa bado anajifunza kulima vituta vyetu.

"Weka chini hicho kibuyu, Mama Zita," akasema Leonidas, mwenyekiti wetu wa kijiji. Alikuwa amelima pamoja nasi, suruali ameikunja magotini. "Umelelewa wapi wewe? Mwenye pombe anagawa pombe?"

Watu wakacheka. Ni kweli kwamba kwetu mwenye pombe hagawi, maana atawapendelea anaowataka. Waliolima ndio wanaomchagua mgawaji, na mwenye pombe hukaa pembeni kama mgeni. Coleta aliyajua hayo tangu utoto, siku ile alijisahau tu. Leonidas akauchukua mkono wa Zenon, fundi baiskeli wetu, akamkabidhi kibuyu.

"Gawa wewe. Na huyu mama mpe mwisho, apate akili."

"Nimekosa, Mwenyekiti," Coleta akasema, akaenda kukaa karibu na kuni.

Leonidas alikunywa akaondoka mapema. Alipoishilia njiani, mazungumzo yakahamia kwenye redio. Mwalimu Nestory, ambaye alikuwa amestaafu na kurudi nyumbani, alituambia kwamba vyama vingi havikuja peke yake. Katiba imeongezwa kifungu, na sasa Bunge linaweza kumshtaki Rais na kumwondoa.

Shigela akacheka mpaka pombe ikampalia. "Rais? Mwalimu, sisi huyu wa hapa tu hatumwezi. Mimi ningemtoa leo. Ananiita 'wewe wa ng'ombe' mbele ya watoto wangu."

"Huo ni ukali," Coleta akasema kutoka kule kwenye kuni. "Tulimchagua tukijua ni mkali."

"Unamtetea? Si amekufundisha adabu sasa hivi?"

"Amenifundisha jambo la kweli. Mtu akikuambia kweli kwa mdomo mbaya, ubaya ni wa mdomo. Mwalimu, hao wabunge watamtoa Rais kwa kosa gani? Mvua isiponyesha?"

"Mvua haimhusu," Nestory akajibu. "Wala si kwa kuwa wamemchoka. Wakimchoka wangoje uchaguzi. Ni mpaka awe amevunja Katiba, au amefanya mambo ya kukidhalilisha kiti chenyewe. Na lazima asikilizwe ajitetee. Halafu muda wote anapochunguzwa, anahesabiwa hayupo kazini. Mwingine anashika."

"Hapo sawa," Coleta akasema. "Kwa hiyo kiti si chake."

"Si chake."

Zenon akamletea Coleta kibuyu. Alikuwa wa mwisho kweli.

Chini ya kijiji chetu kuna bonde ambalo halikauki. Kiangazi, wakati juu kote kumekuwa kweupe na upepo unapuliza vumbi hadi Mpui, kule chini wanawake wanalima kabichi, maharage na vitunguu. Bonde ni la kijiji. Hakuna aliyewahi kuwa na karatasi, lakini kila nyumba inajua mpaka wake, na anayetaka kuongeza anauliza kwenye mkutano. Kaka yangu alipofariki hakuacha kitu cha maana zaidi ya jembe na kipande cha bondeni. Kwa kipande hicho Coleta alilisha watoto watatu, na mkubwa wao, Zita, alikuwa amefika darasa la saba.

Mwezi wa tano lori likashuka bondeni likiwa na nguzo na seng'enge. Mwenye lori alikuwa mfanyabiashara wa Sumbawanga mjini, mmoja wa wale walioanza kununua mahindi vijijini biashara ilipofunguliwa. Sasa alitaka kulima viazi. Wanawake walikuta nguzo zimesimikwa katikati ya matuta yao. Coleta alimwuliza fundi aliyekuwa akizisimika nani amewapa ruhusa, naye akasema mwenyekiti, na mhuri wa kijiji umepigwa.

Tulikwenda kwa Leonidas, Coleta mbele, mimi nyuma. Alikuwa uani anawatazama mafundi wakipiga bati juu ya nyumba yake.

"Shikamoo, Mwenyekiti," nilisema mimi.

"Marahaba. Mmekuja kwa habari ya bonde. Nchi imebadilika, ndugu zangu. Siku hizi ni ruksa. Yule bwana ataleta maendeleo, na ninyi atawapa vibarua."

"Ruksa ni kuuza cha kwako, Mwenyekiti," Coleta akasema. "Bonde tulilizungumza lini?"

"Nilitumia madaraka yangu."

"Basi itisha mkutano, utueleze hayo madaraka."

Leonidas akamtazama juu mpaka chini. "Mama Zita, umeingia upinzani?"

"Mimi nimo chama kile kile ulichomo wewe. Nauliza mkutano."

Hakuitisha. Coleta alirudi tena na tena, akaambiwa mwenyekiti amesafiri, mwenyekiti amelala, mwenyekiti ana wageni. Seng'enge ilipofika kwenye kabichi zake, Shigela alikuja na panga, akasema usiku mmoja unatosha kuikata yote. Nilidhani Coleta atafurahi.

"Ukikata, kesho tutakuwa tunazungumza panga lako," alimwambia. "Mimi nataka tuzungumze bonde."

"Miezi miwili iliyopita ulikuwa unamtetea."

"Hata sasa, angekuja akasema nimeteleza, ningemtetea. Lakini amechukua cha watu, na sasa anawazuia wenyewe wasiulize. Hayo mawili yakikutana, Shigela, mtu hafai kukaa pale hata mwezi mmoja."

Mwezi wa saba mtendaji wa kata alileta habari kwamba anakuja kuzungumza na kijiji juu ya barabara. Huo mkutano Leonidas hakuweza kuukwepa. Siku hiyo baridi ilikuwa kali. Watu walikuja kwenye uwanja wa shule wamevaa makoti ya mitumba, wanawake wamejifunga mablanketi, na waliokuja kutoka vitongoji vya mbali walijaa mpaka kwenye magoli. Leonidas alikaa mezani katikati, mtendaji kulia kwake.

Barabara ikazungumzwa ikaisha. Coleta akanyoosha mkono. Leonidas akamwona, akageuka upande mwingine. "Kama hakuna mengineyo, nafunga..."

"Nina swali dogo, Mwenyekiti," Coleta akasema, akiwa amekwisha kusimama. "Ni la pombe tu."

Watu wakacheka. Mtendaji akatabasamu, akasema muache mama aulize.

"Mwezi wa tatu ulinikuta nagawa pombe yangu, ukaninyang'anya kibuyu. Ulikuwa umekosea?"

Leonidas hakuona swali linakokwenda. Pengine alifurahi kukumbushwa siku aliyoshinda. "Sikukosea. Mwenye pombe hagawi. Kila mtu hapa anajua."

"Kwa nini hagawi?"

"Kwa sababu atapendelea upande wake."

"Ahsante, Mwenyekiti. Leo tunataka kuzungumza bonde, na habari ya bonde ni yako. Kwa hiyo weka kibuyu chini."

Mama mmoja nyuma akapiga kigelegele, na uwanja mzima ukaitikia. Mtendaji, ambaye si mtu wa kwetu, aliuliza maana yake ni nini. Mwalimu Nestory akamweleza ile desturi, akaongeza kwamba hata Rais, Bunge likimchunguza, kiti anakiacha kwa muda.

"Mnanifananisha na Rais?" Leonidas akafoka.

"Tunakushusha kidogo tu," Shigela akajibu kutoka kwenye goli, na watu wakacheka tena.

Mtendaji alifikiri, kisha akasema haoni ubaya mwenyekiti akikaa pembeni wakati jambo lake linazungumzwa. Kijiji kichague wa kuongoza. Jina lililosikika kila upande lilikuwa moja, Zenon, yule yule aliyekabidhiwa kibuyu na Leonidas mwenyewe. Zenon akaja mezani mikono ina grisi ya baiskeli, akaogopa kukaa, akaongoza mkutano akiwa amesimama.

Coleta alisema maneno machache. Bonde ni la kijiji. Limetolewa bila kijiji kuulizwa. Kijiji kilipouliza, kilifungiwa mlango. Watu wakaanza kupaza sauti, atoke, atoke, tupige kura. Yeye ndiye aliyewanyamazisha.

"Hajasema. Hatuwezi kumtoa mtu ambaye hajasema."

Leonidas akasimama. Bila ile meza mbele yake alionekana mtu wa kawaida, jirani yetu tu. "Nimewaongoza miaka tisa," akasema. "Kisima nani alifuatilia? Darasa lile nani alisimamia? Leo mnanitoa kwa ajili ya kabichi?"

"Kisima ulifuatilia wewe, na tulikushukuru," Coleta akasema. "Si kabichi, Mwenyekiti. Ungetuuliza, huenda tungekubali hata hivyo viazi. Ulikosa, tukakufuata nyumbani kwako utengeneze, ukatufungia. Sasa tukikuacha, anayekuja baada yako atajua kijiji hiki hakiulizi."

Leonidas akakaa.

Zenon akasema wanaotaka mwenyekiti aendelee wasimame upande wa madarasa, wanaotaka aondoke waende upande wa mikaratusi. Mimi huwa si mtu wa kutangulia, lakini nilijikuta natembea kabla hajamaliza kusema. Nilipogeuka, uwanja ulikuwa unahama wote. Wazee walihama na fimbo zao, akina mama na watoto mgongoni, Shigela na wake zake. Upande wa madarasa walibaki ndugu zake wachache, na hata hao walikuwa wanatazama chini. Hakukuwa na haja ya kuhesabu. Mtendaji alitangaza pale pale kwamba kijiji kimemwondoa mwenyekiti wake, na kwamba ruhusa ya bonde haina nguvu.

Vigelegele vya siku ile vilisikika mpaka ng'ambo ya bonde. Wanawake walishuka moja kwa moja kutoka mkutanoni, wakang'oa nguzo na kuzilaza vizuri kando ya njia ili mwenyewe aje azichukue, hakuna iliyovunjwa. Jioni Coleta alimwagilia kabichi zake. Kiangazi kile alivuna kuliko miaka yote, na Zita alimaliza darasa la saba, akaenda sekondari.

Mwezi wa tatu uliofuata, Coleta alipika tena pombe ya ulezi. Tulipokuwa tunagawana sehemu za kulima, Leonidas akatokea na jembe begani. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemfukuza. Alilima sehemu yake yote kimya. Tulipokaa, Zenon, ambaye sasa ndiye mwenyekiti wetu, aliuliza nani atagawa.

"Mpeni Leonidas," Shigela akasema. "Huyu sheria ya kibuyu anaijua."

Leonidas akainuka, akashika kibuyu, akapita kwa kila mtu bila kumruka yeyote wala kumzidishia. Alipomfikia Coleta akasimama.

"Wewe ni wa mwisho, Mama Zita."

"Najua," Coleta akasema. "Lete."